Aliyechinjiwa Tanga

Siku ile masufuria ya Fawzia yalikiona cha mtema kuni. Aliyasugua, akayabwaga kwenye sinki, akayasugua tena. Mumewe, Masoud, aliyekuwa ndiyo kwanza arudi kutoka zamu ya ghalani Smithfield, huko Australia wanakoishi, alijua fika kwamba wanaosuguliwa ni yeye na mama yake.

Na Fawzia alikuwa na haki. Kwao Tanga, mtoto wa kwanza hupewa jina na upande wa baba, wa pili ni zamu ya upande wa mama. Wa kwanza, Safaa, alipewa jina na mama mkwe, Bi Zuhura, na Fawzia hakutia neno. Wa pili, kichanga aliyelala pale sebuleni, alikuwa Saleha tangu yumo tumboni. Saleha ni mama yake Fawzia, aliyefariki Tanga mwezi wa pili kwa ule ugonjwa wa korona ambao kule waliuita changamoto ya kupumua. Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa, kwa hiyo Fawzia alimzika mama yake kwa simu, tena simu yenyewe ikikatikakatika. Jina hilo ndilo jambo pekee lililobaki analoweza kumfanyia.

Sasa Merrylands nzima, kitongoji chao, imefungiwa ndani, mgeni haruhusiwi kuvuka kizingiti, helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa. Akika ya kumpa mtoto jina ingefanyikaje? Wakakubaliana mbuzi achinjwe Tanga, kwa Bi Zuhura. Kosa lao likawa hilo. Mbuzi akachinjwa, dua ikasomwa, watu wakala pilau, na asubuhi kundi la WhatsApp la ukoo likajaa pongezi: Karibu duniani, Zuhura!

Zuhura! Bibi kampa mtoto wa mwenzake jina lake mwenyewe, bila hata haya!

“Mama Safaa, yaishe,” Masoud alisema. “Mbuzi keshachinjwa. Jina ni jina tu.”

“Kama ni jina tu, mbona mama yako hakuliacha langu?”

Masoud akajifanya anatafuta chaja.

Safaa alikuwa mezani na kompyuta ya shule. “Mum, can you help? Ni history. Majina ya makoloni ya Amerika, who named them and why.”

Fawzia akaketi, akidhani kusoma kutamtuliza roho. Kumbe alikuwa anajimwagia mafuta ya taa. Virginia, kwa heshima ya malkia wa Uingereza ambaye hakuolewa, wala huko Amerika hakukukanyaga. Maryland, mke wa mfalme. Carolina, mfalme mwenyewe. New York ulikuwa mji wa Waholanzi, walioujenga kwenye ardhi ya watu wengine. Waingereza wakaja na meli za vita, wakaunyakua, wakaubandika jina la mdogo wake mfalme. Watu wamekaa ng'ambo ya bahari, wanagawa majina yao kwa nchi zenye wenyewe!

“Na hao wenyewe waliiitaje hiyo Virginia?” Fawzia aliuliza.

Safaa akasoma kwa kuungaunga. “Tse-na-com-ma-cah. I think. Siku hizi hakuna anayelitumia, Mum. Nobody says it anymore.”

Neno hilo likamchoma Fawzia. Akaichukua simu, akampigia mama mkwe wake kwa video, bila kumtazama Masoud aliyekuwa akimpungia mkono asithubutu.

“Wajina wangu yuko wapi?” Bi Zuhura aliuliza, uso umejaa tabasamu.

“Wajina wako mtafute huko huko Tanga! Mtoto wangu anaitwa Saleha. Hukumbeba, hukumzaa, hata kumshika hujamshika, unakaa huko unambandika jina lako kama Waingereza na nchi za watu! Mama yangu kafa mara moja, Mama. Wewe umemuua mara ya pili.”

Masoud akashika kichwa. Mkwe hasemezwi hivyo. Fawzia mwenyewe alilijua hilo, lakini hakuomba radhi.

“Nani alimwosha mama yako?” Bi Zuhura aliuliza.

“Wanawake wa mtaa. Ndivyo nilivyoambiwa.”

“Wanawake wa mtaa walisimama nje ya ua, wanaogopa. Nilimwosha mimi, peke yangu, nikamvisha sanda. Siku ya akika sheikh kaniuliza jina. Nikafungua kinywa niseme Saleha, halikutoka. Watu wananitazama, mbuzi keshalazwa. Nikataja lililonijia.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekwambiaje, mwanangu? Umefungiwa huko, ungefanya nini?”

Hasira za Fawzia hazikuisha. Alizitafutia mtu: waliosimama nje ya ua, waliofunga mipaka, na huyu bibi aliyenyamaza miezi yote hiyo. Akamwinua mtoto mpaka kwenye kioo cha simu.

“Mwite, Mama.”

“Fawzia, usinifanyie hivyo.”

“Nimesema mwite!”

Bi Zuhura akavuta upembe wa kanga mpaka mdomoni, kisha akaushusha. “Saleha,” alisema, na hapo hapo akaangua kilio, kwa sauti, kama mtu aliyepata habari ya msiba dakika ile. Fawzia alikuwa bado amemkasirikia alipoanza kulia naye.