Kurasa Tisa

"Nyamazeni, mama yenu anaandika," Tluway aliwaambia watoto kule jikoni, akaendelea kuchekecha unga.

Efrazia alimsikia vizuri. Chumba chake kilitenganishwa na jiko kwa ukuta wa mbao alizozipigilia mume wake huyo mwenyewe, mbao nyembamba zisizoficha neno. Akageuza ukurasa polepole, karatasi isitoe sauti. Riwaya iliyokuwa mapajani mwake alikuwa anaisoma kwa mara ya sita.

Ilikuwa Julai ya mwaka 2008, majira ambayo Mbulu huamka na ukungu na kulala na ukungu. Efrazia alikuwa mwalimu wa sekondari, na shahada yake ya pili aliisoma kwa njia ya posta na simu. Kilichobaki ni tasnifu: kwa nini wasichana wa vijiji vya wilaya yao huacha shule kabla ya kidato cha nne. Mwaka uliotangulia alikwenda Bashay na daftari lake, akahoji wasichana kumi na wawili, akarudi amewaka moto. Katika wiki mbili aliandika kurasa tisa. Kisha msimamizi wake, Dakta Joakimu, akazirudisha zimejaa wino mwekundu. Pembeni mwa ukurasa wa kwanza aliandika: "Hapa unasema nini hasa?"

Efrazia hakujua alikuwa anasema nini hasa. Siku hiyo alivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda kutafuta kamusi, akakutana na riwaya zake za bweni, majalada yamekatika migongo, majina ya wasichana waliowahi kuziazima yamejipanga kwenye kurasa za mwanzo. Akachukua moja apumzishe kichwa kwa nusu saa. Nusu saa ikawa Jumamosi nzima, na Jumamosi zikafuatana. Humo ndani nesi angempata dereva wake wa lori, na mwizi wa kahawa angekamatwa stesheni, hata yeye Efrazia asipofanya lolote. Akizisoma alikuwa tena yule binti aliyeshika namba moja darasani, ambaye kila mtu alisema atafika mbali.

Mwezi wa nane alikuja Gidamis, mzee wa kanisa kutoka Katesh. Walikuwa wamejenga kanisa jipya, wakataka fundi wa kutengeneza mabenchi arobaini na mimbari. Kazi ya miezi miwili, fundi akae kulekule. Tluway alikuwa amepiga randa maisha yake yote kwa ajili ya vitanda na milango ya watu. Kazi ya namna ile, ambayo wajukuu wangeikalia, haikuwahi kubisha hodi kwake.

"Nimemwambia atafute mwingine," alimweleza mkewe walipokuwa wakila.

"Kwa nini, baba Lucia?"

"Nani angebaki na watoto, na wewe unaandika? Mabenchi yatakuja mengine. Umefika ukurasa wa ngapi?"

Efrazia alifinyanga tonge. Huo ndio uliokuwa wakati wa kusema, na Gidamis alikuwa bado hajafika hata stendi.

"Wa sabini," akasema.

Tluway alitabasamu kama mtu aliyepewa zawadi. "Sabini!" Akamwongezea mboga.

Siku moja ya mnada, mwezi wa kumi, Efrazia alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe ameketi kizingitini, ameshika simu yake aliyoisahau nyumbani.

"Mwalimu wako alipiga," Tluway alisema. "Nilimwamkia, nikamshukuru kwa kukusaidia. Anasema hajaona kazi yako tangu mwaka jana. Amekuandikia barua mbili. Muda wako ulikwisha mwezi uliopita, na jina lako limeondolewa."

Efrazia alitua kikapu. Zile barua alikuwa amezitia sandukuni bila kuzifungua. Alingoja Tluway apaze sauti; angalau hilo lingekuwa na mahali pa kulishika.

"Ulikuwa unafanya nini humo ndani?" aliuliza kwa upole.

"Nilikuwa nasoma hadithi. Zile za zamani."

"Ulizokwisha kuzisoma?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa polepole, kama anayepima ubao asiouelewa. "Mabenchi yalikwisha kuingizwa kanisani. Fundi mwenzangu Akonaay aliyaona. Anasema yamependeza."

"Nisamehe, baba Lucia."

Tluway alimrudishia simu. Kisha akasema, "Hizo kurasa sabini ni ngapi?"

"Tisa."

"Zilete."

Akazileta. Tluway aliishia darasa la saba, na kurasa zilikuwa za Kiingereza, hivyo Efrazia alikaa karibu naye akasoma akitafsiri sentensi kwa sentensi. Tluway alisikiliza ameegemeza viwiko magotini, bila kumkatiza, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Huyo wa ukurasa wa nne," akasema. "Aliyekuwa anaficha sare kwenye ghala la mahindi ili baba yake asizichome. Ilikuwaje kwake?"

"Sijui."

"Hukurudi kumuuliza?"

"Nilimwahidi nitarudi baada ya mwezi mmoja."

Tluway aliinuka, akajipangusa vumbi la mbao kwenye suruali, akachukua kikapu cha sokoni na kwenda nacho jikoni. Akasikika akiwaita watoto waje wamsaidie kumenya viazi.

Efrazia alibaki kizingitini, akautafuta tena ukurasa wa nne. Kama utaratibu wa utafiti ulivyotaka, jina la msichana hakuliandika. Aliweka herufi moja tu, Y, na nukta. Aliukumbuka uso wake, na namna alivyoongea ameziba mdomo kwa kiganja. Yusta, alijaribu kimoyomoyo. Au Yasinta. Akalitamka moja kwa sauti, kisha lingine, na hakuna hata moja lililogeuka kumtazama.