Rufaa ya Bayana katika Nchi ya Itikiani

Katika nchi ya Itikiani, iliyozungukwa na milima ya Mazoea, adabu kuu ilikuwa kukubali. Mkubwa aliponena, umma uliitika, "Ndivyo". Na aliyetaka kujua sababu alihesabiwa kuwa mgonjwa, akaombewa shifa. Hata mahakamani hapakuwa na wakili, maana wahenga wao walisema wengi wape, nao waliwapa wengi kila kitu, haki ikiwemo.

Siku moja muhuri wa enzi uliibwa. Mbiu ilipopigwa, fundi viatu aitwaye Madhulumu alionekana akitimua mbio sokoni, akakamatwa. Hakimu Hitimisho hakuchelewa. Alisema kuwa wezi hukimbia, Madhulumu amekimbia, basi Madhulumu ni mwizi. Umma ukaitika, naye akatiwa katika gereza la Sahau kwa miaka ishirini.

Dada yake, Bayana, mkunga wa miaka arubaini, alijua kuwa hukumu ile ina ufa, lakini hakuweza kuonyesha ulipo. Akafunga virago, akavuka milima hadi Chuo Kikuu cha Mizani, akaomba kusoma falsafa. Vijana walimcheka kwa umri wake; yeye alishikilia kwamba kuuliza si ujinga, akasoma. Alianza na maadili, akajifunza kuwa wema unaongoja kutazamwa ni pambo tu, na somo hilo lilimchoma kwa sababu aliyoificha. Mwaka wa tatu alifika kwenye mantiki. Asubuhi moja mwalimu wake, Bibi Tafakuri, aliandika ubaoni kwamba mbuzi hula majani na sungura hula majani, akauliza kama sungura ni mbuzi. Darasa lilicheka. Bayana aliinamia daftari lake akalia, kwani ufa alioutafuta ulikuwa pale, umeandikwa kwa chaki.

Alirejea Itikiani, akakata rufaa. Mbele ya halaiki alisema kwa utulivu, "Mheshimiwa Hakimu, wezi hukimbia, lakini hukimbia pia mtu ambaye nyumba yake inaungua. Mbio peke yake hazimtaji mwizi. Siku ile ndugu yangu alikuwa akinifuata mimi, mkewe ameshikwa na uchungu."

Hakimu alitabasamu. "Kama uliyajua hayo, siku ya hukumu ulisema nini?"

Bayana aliutambua mtego. Kwa sheria ya Itikiani, aliyeridhia uongo barazani hufungwa mwaka mmoja. Na katika maelfu yale hapakuwa na aliyeikumbuka sauti yake. Angeweza kukana.

"Niliitika pamoja na wengine," alisema. "Niliogopa. Lakini hofu yangu haiifanyi hukumu yako kuwa ya kweli."

Hakimu akatangaza kuwa hukumu ya kwanza inasimama, akangoja umma uitike. Watu waliangalia chini. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. Hakuna aliyefumbua kinywa. Na kwa kuwa hukumu isiyoitikiwa ilikuwa batili, Madhulumu alifunguliwa, akaenda kumwona mwanawe ambaye hakuwahi kumshika. Bayana akaingia gerezani mwaka mzima, wala hakuomba apunguziwe hata siku moja.

Alipotoka, alifungua darasa la kwanza la falsafa nchini mwake. Walikuja wanafunzi saba. Aliwaeleza hoja moja, kisha akawaomba waipinge. Wakanyamaza kwa heshima. Bayana akavuta kiti, akaketi, akawaambia kuwa ana siku nzima. Ilipokaribia adhuhuri, mkono mmoja uliinuka.