Usingizi wa Grizel

Kitu cha kwanza alichokiona Senga ni shali ya yule mama. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi na kila mgeni aliyeingia aliacha dimbwi mlangoni, lakini shali hiyo ilikuwa kavu kabisa, na pindo lake lilikuwa linafuka moshi.

Mama huyo alisimama kwenye foleni ya tiketi ya jela ya kale, ambayo sasa ni makumbusho, nyuma ya familia iliyotoka Leeds.

"Mtu mzima mmoja?" aliuliza meneja, Bwana Dalgleish.

"Mimi nilifungwa humu. Naitwa Grizel Haig. Mlinichoma moto kule juu, ambapo sasa mmepafanya maegesho ya mabasi."

"Basi utalipa bei ya mwenyeji, mama. Ila hiyo shali usiisogeze kwenye kengele ya moto, ina kelele mno."

Senga ndiye aliyeigiza mchawi wa jela hiyo tangu Pasaka. Kazi ilimfaa, kwa kuwa maneno yake yalikuwa machache naye si msemaji. Wageni walipewa sindano ya bandia, ambayo ncha yake hurudi ndani, wakamdunga nayo mkononi, kama walivyodungwa zamani walioshukiwa uchawi, huku wakipiga kelele: "Ungama! Ungama!" Walipotosheka, alisema: "Ni kweli, mimi ni mchawi." Wakapiga makofi, wakapiga picha, wakashuka mkahawani kula skonzi.

Siku hiyo wengine waliposhuka, Grizel alibaki kwenye benchi la mawe.

"Walinikesheza usiku na mchana mpaka nikasema mimi ni mchawi," alimwambia Senga. "Uchawi nautoa wapi? Nilikuwa na ulimi mkali na ng'ombe mwenye maziwa. Waliponichoma nikajua angalau sasa nitalala. Lakini kila ukiyasema yale maneno, mwanangu, naamka. Kwani unayasema mara ngapi?"

"Kila kundi likiingia."

"Ndiyo maana."

"Sisemi tena," Senga alinong'ona.

Grizel akajilaza palepale, na pindo la shali likaacha kufuka.

Kundi lililofuata lilidunga na kupiga kelele, Senga akanyamaza. Likazidi kudunga.

"Huyu vipi, kasahau?" aliuliza baba mmoja. "Dada, tumelipia!"

Bwana Dalgleish alipanda mwenyewe, akapita kando ya benchi kwa kunyata asije akamwamsha aliyelala.

"Bibie, hapa ukiondoka utaenda wapi? Kwenye kasri waigizaji wamejaa. Mkahawani lazima uongee na watu, na wewe hata salamu inakutoa jasho."

"Mwenyewe kalala pale."

"Namwona. Sema polepole basi."

Senga akasema polepole. Grizel akafumbua macho. Moshi ukaanza tena, watu wakapiga makofi, na mtoto mmoja akaomba picha na wote wawili.

Tangu hapo Grizel huja kila siku na hatozwi kitu. Bwana Dalgleish amemwekea mto, na kwenye bango la nje ameongeza mstari: Sasa yupo na mchawi halisi.

Jumapili ya mwisho wa msimu, wageni walipokuwa chini wakinywa chai, Senga alikaa benchini akipangusa majivu. Grizel alikuwa anautazama ukuta, macho mekundu. Neno ambalo Senga alikuwa amelimeza tangu siku ile ya mvua likamtoka.

"Wewe walikudunga sindano za kweli, wakakukesheza," alisema. "Mimi niliambiwa tu niseme, nikasema."