Joto la Saa Nane

Wanjugu alijua kuandika. Siku hiyo, kwenye meza ya manesi katika hospitali moja ya mjini Nakuru, alikuwa ameandika kwenye simu sentensi iliyompendeza mpaka akaisoma mara tatu: "Naamini mgonjwa anastahili ukweli hata pale ambapo hakuna anayetutazama." Ilikuwa barua ya kuomba ufadhili wa kusomea uuguzi wa wagonjwa mahututi. Alishaeleza alivyomuuguza nyanya yake mpaka mwisho, akasema ndiyo sababu ya kuwa nesi. Mwisho wa kutuma ulikuwa saa kumi jioni. Kilichobaki ni fomu moja, ambayo Sista Jeruto, msimamizi wa wodi, angetia sahihi kuthibitisha kwamba mwombaji ni mwaminifu.

Sasa, sentensi nzuri hula muda. Ili aupate, Wanjugu alifanya jambo ambalo manesi waliozidiwa hulifanya na hawalisemi: alipowapima wagonjwa saa nne asubuhi, alijaza papo hapo na vipimo vya saa nane mchana. Mzee Muturi, joto thelathini na sita nukta nane. Presha nzuri, mapigo mazuri. Nani huzidiwa ghafla mchana kweupe?

Mzee Muturi alikuwa mkulima wa viazi kutoka Dundori, aliyepasuliwa ngiri siku mbili kabla. Saa nane ilipofika, alimwona Wanjugu akipita mbio na waya wa kuchaji simu.

"Daktari, leo niko aje?"

"Uko sawa kabisa, guka," akasema Wanjugu, akimwita babu kwa Kikuyu. "Nimeandika hapa."

Mzee akamshukuru na kujifunika blanketi.

Saa tisa na nusu Wanjugu alikuwa akimpelekea Sista Jeruto ile fomu alipoona kitanda cha mzee kikitikisika. Mzee alikuwa amevaa sweta juu ya nguo za hospitali na meno yalikuwa yakigongana. Wanjugu alimgusa paji la uso, akaondoa mkono haraka, akachukua kipimajoto. Thelathini na tisa nukta sita.

"Guka! Imeanza saa ngapi?"

"Saa saba hivi nilisikia baridi. Lakini si ulisema niko sawa, umeandika? Nikasema basi ni uzee tu unanidanganya."

Aibu ilimpanda Wanjugu hadi masikioni. Mtu mzima aliukana mwili wake mwenyewe kwa kuamini karatasi yake! Alimwita daktari, ambaye alifungua kidonda na kukuta kimeanza kutunga usaha. Dripu ikawekwa, dawa zikaanza kuingia. Sista Jeruto alikuja akaichukua karatasi ya vipimo.

"Saa nane alikuwa thirty-six point eight? Na saa hii karibu forty?" Akatikisa kichwa. "Haya, kidonda kikioza homa hupanda haraka. Ama?"

"Ndio, Sista," akasema Wanjugu.

Njia ya mwongo ni fupi, husema wahenga, lakini hapo ilikuwa imefagiliwa na kunyunyiziwa maji. Sista Jeruto alikwisha kuichukua ile fomu mkononi mwa Wanjugu, kuiegemeza kwenye meza ya kitanda na kutoa kalamu. Wanjugu alitazama ncha ikigusa karatasi, akajichukia.

"Sista, sikumpima."

"Rudia."

"Sikumpima saa nane. Nilijaza asubuhi."

Sista Jeruto alifunika kalamu. Hakufoka, na Wanjugu alitamani angefoka.

"Piga mstari mmoja, andika hukupima, usaini. Usifute." Kisha akaikunja ile fomu na kuondoka nayo. Saa kumi ikafika na kupita.

Jioni, kabla ya kwenda nyumbani, Wanjugu alimwinamia mzee akamweleza yote. "Nilikudanganya, guka. Nisamehe."

"Nimekusikia," akasema mzee, akageukia ukutani.

Kesho yake homa ilikuwa imeshuka. Wanjugu alimpima mzee kwa makini, akangoja kipimajoto kilie, akasoma.

"Thelathini na saba, guka. Unaendelea vizuri."

Mzee Muturi alipapasa chini ya mto, akatoa miwani, akaivaa taratibu, kisha akanyoosha mkono.

"Lete hiyo kitu nione."

Akaielekeza dirishani na kuzisoma tarakimu moja moja kwa sauti, Wanjugu akiwa amesimama kando yake akisubiri.