Pembe Iliyozungushiwa Miiba

Mwaka 1980 mahindi ya Rhotia yalikauka mapema. Kufikia katikati ya Agosti mashamba yote ya kitongoji yalikuwa yamevunjwa, isipokuwa pembe moja. Ilikuwa ya Mwalimu Valeriani, mstaafu wa shule ya msingi, naye hakuwa ameisahau. Aliiacha makusudi.

Torati inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni. Kinachobaki ni cha maskini na mgeni. Hayo Valeriani aliyapata kwa Mordekai, Myahudi aliyekuwa fundi wa mashine ya kusaga pale Karatu, ambaye baadaye alihamia Arusha, kisha ng'ambo. Mordekai aliacha vitu viwili vilivyodumu: mashine, na utaratibu wa kusoma Torati fungu kwa fungu kila Sabato, mwaka ukiisha kuanza upya. Familia chache ziliufuata. Majirani waliwaita Wayahudi wa Rhotia, mwanzoni kwa mzaha, baadaye kwa mazoea.

Valeriani hakupenda jambo nusunusu. Ili mbuzi wasile haki ya maskini, alikata matawi ya mgunga akaizungushia pembe ile miiba mpaka kifuani. Kisha, Sabato moja baada ya somo, alitangaza kuwa mjane Leonida aje na wajukuu wake wavunje.

Leonida hakuja.

"Atakujaje?" aliuliza Katarina, mkewe. "Umemtaja mbele za watu. Ungenitaja mimi, ningehama kata."

"Sheria ndiyo iliyomtaja."

"Sheria imesema mjane. Jina umeliweka wewe, Baba Thomasi."

Wengine nao hawakuja. Katika Rhotia, anayeonekana akivunja mahindi ya mwenzake mchana ni mwizi, hata awe ameruhusiwa, maana mpita njia hajui ruhusa. Maskini walipita mbali.

Jumatano alikuja balozi wa nyumba kumi, Yohani, akasalimu kwa Kiiraqw.

"Saita, Mwalimu. Kamati ya kijiji imepita mashambani. Mahindi yaliyoachwa ni uzembe, na shamba la mzembe linagawiwa mwingine. Jumapili nataka pembe hiyo iwe nyeupe, bila hindi hata moja."

"Si uzembe. Ni ibada."

"Ibada ya panya na ngedere?" Yohani alicheka, kisha akaacha. "Mwalimu, mimi nakuheshimu. Ulinichapa mpaka nikajua kugawanya. Lakini nikipeleka neno ibada kwenye kamati, wataanza kunicheka mimi, halafu watachukua shamba lako."

Hakuwa anatisha bure. Shamba hilo Valeriani alipewa wakati wa vijiji vya ujamaa, na hakuwa na jingine. Akivuna, atakuwa amevunja sheria aliyoifundisha mwenyewe. Asipovuna, yeye na Katarina watakula nini mwakani?

"Tuvunje sisi, tumpelekee Leonida kwa kificho," alisema Katarina.

"Haikusemwa vuna umpelekee. Imesemwa acha."

"Basi acha, tukose shamba."

Ijumaa adhuhuri alikaa kuliandaa fungu la kesho. Lilihusu mavuno yenyewe: anayesahau mganda shambani asirudi kuuchukua; utakuwa wa mgeni, yatima na mjane. Alilisoma kama alivyozoea kusahihisha insha, akifuata vitenzi kwa kidole. Mwenye shamba aliambiwa asirudi. Hakuona mahali alipoambiwa achague, aite watu, wala alinde. Alikuwa bado anatafuta, Katarina alipopiga kelele nje.

"Mwizi! Baba Thomasi, mwizi!"

Mama mmoja wa Kimasai alisimama kwenye miiba, punda wake nyuma yake. Alikuwa amepenyeza mkono kuvuta bua kwa fimbo, na mkono ulikuwa unatoka damu. Hakukimbia.

"Shamba lako, baba?"

"Langu. Unatoka wapi?"

"Juu, Ngorongoro. Kule tumekatazwa kulima, tangu mwaka wa sabini na tano. Nimeshuka na ngozi zangu sokoni, mahindi hakuna." Aliitazama pembe. "Kote umemaliza, hapa umeacha. Nikajua mwenyewe amekufa."

"Sijafa."

"Na miiba ni ya nini?"

"Ya kuzuia mbuzi."

"Mbuzi angeshaingia," alisema yule mama. "Mimi ndiyo imenizuia."

Valeriani aliitazama miiba yake. Upande wa chini palikuwa na tundu, na mabua ya karibu nalo yalikuwa yametafunwa. Mbuzi walikuwa wameingia. Watu hawakuingia.

Akainama, akaanza kuyavuta matawi kando.

"Humjui huyo!" alisema Katarina.

"Simjui."

"Atachukua yote!"

"Si yetu, Mama Thomasi."

Alipoumaliza upande mzima wa njiani, alitamani kubaki amwonyeshe mgeni namna ya kupakia gunia lisimchubue punda. Akajizuia. Alirudi nyumbani kabla jua halijatua, wala hakumwuliza jina.

Punda hubeba kiasi chake, na Sabato ilipoanza jioni hiyo, mahindi mengi bado yalikuwa yamesimama. Valeriani alishinda kwenye somo na hakwenda kutazama.

Jumapili asubuhi Yohani alikuta mabua matupu. Kwenye vumbi kulikuwa na nyayo nyingi, nyingine ndogo, bila viatu.

"Umefanya vizuri, Mwalimu. Nitasema umevuna."

"Sema pembe imevunwa. Mimi sikuvuna."

"Amevuna nani?"

"Sikuuliza."

"Mwalimu, wezi wanaripotiwa."

"Wezi sikuwaona."

Yohani alitikisa kichwa, akaenda zake. Kwa kamati, pembe nyeupe ilitosha.

Katarina alianza kukusanya miiba iwe kuni. Leonida alipita njiani, mjukuu mgongoni, akawasalimu kama siku zote. Mtoto alikuwa anatafuna mahindi ya kukaanga. Valeriani aliitikia salamu, kisha akageuka akatazama upande wa pili mpaka walipopita.