Kuna Jambo Kuhusu Doto

Barua pepe iliingia Yared akipukuchua mahindi uani kwake, Kilosa. "Yared, kuna jambo kuhusu Doto. Fungua haraka."

Kufungua, bando limekata. Kumpigia mwanawe Doto, hapatikani.

Sasa, kwao msiba hautangazwi kavukavu. Unaambiwa "kuna jambo, njoo nyumbani," mengine unayakuta mlangoni. Na Doto ndiye pacha aliyebaki; Kulwa alikwenda angali mchanga. Yared akakaa chini, juu ya mahindi yenyewe.

Dada yake, Magreti, hakuuliza. Alijifunga khanga, akabeba unga kilo kumi na jogoo mmoja kwa ajili ya waombolezaji, wakapanda basi la Mikumi, anakoishi Doto. Magreti alilia njia nzima. Jogoo akamsaidia.

Walimkuta Doto barazani, kompyuta mapajani, anatafuna muhogo.

"Shikamoo baba! Shikamoo shangazi!"

"Marahaba," akasema Yared. "Kumbe hujafa."

"Nife kwa lipi?"

Akampa simu asome. Doto akacheka hadi muhogo ukampalia.

"Baba, nimeweka picha ya viatu vyangu vipya mtandaoni, basi! Simu niliizima nifanye kazi. Na hayo maneno nimeyatunga mimi. Si nilikwambia wenye mtandao huo wameniajiri niwaandikie taarifa zao kwa Kiswahili? Hiyo ndiyo inayofunguliwa kuliko zote!"

"Hata ukipiga kelele za moto watu watatoka mbio. Kila siku utawapigia?"

"Wakubwa wanataka watu wafungue."

"Mimi nimeishia darasa la tano, lakini najua kuaga. Leo najitoa kwenye huo mtandao wenu."

"Hata mimi najitoa," akasema Magreti.

"Shangazi, wewe huna hata simu!"

"Nikinunua, najitoa."

Doto akatazama ule unga, akatazama macho ya baba yake yaliyovimba. Kicheko kikamwisha.

"Ulidhani kweli nimekufa?"

"Nilikuwa nachagua pa kukuzika."

Doto akaivuta kompyuta, akafuta mstari. "Haya, baba. Niandikeje?"

"Nani kafanya nini. Uache hapo."

Jogoo hakurudi Kilosa.

Kesho yake, bando limeshajazwa, Yared akiwa kwenye mahindi, simu ikalia. "Yared, Doto ameweka picha ya supu ya kuku. Hakuna haraka."

Hakuifungua. Alikwishajua alichotaka kujua. Akairudisha simu mfukoni, akachukua muhindi mwingine.