Dakika Hamsini hadi Larantuka

"Subirini saa mbili tena," alisema binti wa kaunta. Kwa mara ya tano siku hiyo nikarudi kwenye kiti kilekile, nikapakata begi langu kama mtu atakayeitwa jina sasa hivi.

Ilikuwa Jumatatu, uwanja wa ndege wa Kupang. Kule Larantuka mpwa wangu Barek alikuwa amelala kwenye jeneza lililo wazi. Homa ilimchukua Jumapili asubuhi. Kwetu jeneza la mtoto halifungwi mpaka mjomba afike, amtazame usoni, aridhie. Na mjomba wa Barek nilikuwa mimi peke yangu, mwalimu wa jiografia, niliyejua kuwa kati ya Kupang na uwanja wa Larantuka, ng'ambo ya bahari, kuna kilomita mia mbili na ishirini tu, dakika hamsini angani. Lakini mlima ulikuwa unatapika majivu upande wa kule, na ndege hazikuruhusiwa kutua.

Mama Dortia, muuza kahawa, alinisogelea na birika lake. "Mwalimu, meli inang'oa nanga saa tisa. Nyanyuka uende."

"Nikae majini saa kumi na tano? Mlima ukitulia saa kumi, saa kumi na moja niko kwa dada yangu."

"Na usipotulia?"

"Utatulia tu."

"Makubwa! Kumbe wewe ndiye msemaji wake."

Watu wakacheka, nami nikacheka. Saa tisa ikapita. Meli nyingine ilikuwa ya Alhamisi.

Nimestaafu sasa, na bado naona aibu ya kicheko kile. Hakuna aliyenifungia mlango. Zilinifunga zile dakika hamsini, fupi kiasi kwamba kuziacha nikapande meli kulionekana ujinga. Dirishani anga ya Kupang ilikuwa safi, haina hata wingu, na hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Jumanne adhuhuri dada yangu Peni alipiga simu.

"Kaka, uko wapi?"

"Uwanjani. Wamesema baada ya saa mbili..."

"Kaka." Akavuta pumzi. "Joto limezidi. Tumebadilisha barafu mara tatu. Watu wamejifunga vitambaa puani, wanajifanya ni kwa ajili ya majivu."

Nikaliweka begi sakafuni.

"Wazee wamekubali useme kwa simu. Nakuweka karibu naye."

Nikasimama, nikaugeukia ukuta ili abiria wasinione. Nilimbeba Barek siku ya ubatizo wake.

"Barek, mwanangu," nikasema, "mimi mjomba wako nimekuona. Nenda salama. Haya, fungeni."

Sikuwa nimemwona. Nilisema uongo mbele ya maiti, na wote mle ndani walijua. Nyundo ikaanza kugonga, nami nikaisikiliza hadi msumari wa mwisho.

Kisha Peni akarudi kwenye simu. Hakuwa na hasira, na laiti angekuwa nayo.

"Leo alfajiri nilikwenda bandarini," alisema. "Nilijua tu utakuja na meli. Watu wakashuka, wakaisha, wakashusha na mbuzi. Mimi nikazidi kusimama pale, nikasema labda kaka amepitiwa na usingizi, ngoja wamwamshe."